Sura ya Saba: Rangi Juu ya Kibano

Gari lilikuwa limefunikwa turubai kwa heshima zote za marehemu, na mkaguzi wa magari wa polisi alisimama mbele yake mikono nyuma, kifua mbele, kama mtu anayesubiri bendera ipandishwe. Inspekta hakuwa na muda wa maombolezo. Aliomba turubai liondolewe. Koplo, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kubeba mfuko wa vielelezo na kutomwamini mtu yeyote, akalivuta mara moja, vumbi likamrukia mkaguzi kwenye sare, na uchunguzi ukafunguliwa rasmi kwa chafya.

Chini ya turubai lilikuwa gari jekundu lililokunja pua. Mwenyewe alikuwa muuza simu ambaye mtaa mzima ulimwita Turbo, kwa sababu gari lake lilikuwa na turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, na yeye hakuwa na mada nyingine. Jumamosi asubuhi alikuwa akipanda barabara ya mlimani, ukungu umetanda na baridi inakata masikio. Alipokaribia kona aliondoa mguu kwenye mafuta. Gari halikupunguza. Likaendelea kuvuta kana kwamba mguu mwingine, usioonekana, umebaki palepale. Akakanyaga breki, lami ilikuwa imelowa, tairi zikateleza, na gari likaenda kuukumbatia mti. Turbo alivunjika mguu. Kabla hata plasta haijakauka alikuwa amekwisha kuwaambia polisi maneno matatu, na maneno hayo matatu ndiyo yaliyomweka mume wa dada yake rumande: shemeji alitaka kuniua.

Shemeji huyo alikuwa fundi wa magari. Saa tisa alasiri gari la mahakamani lingeondoka kituoni, na mkuu wa kituo alitaka fundi awe ndani yake, amekaa pamoja na jalada lenye maneno "kujaribu kuua" kwenye kichwa chake. Mkuu alipenda majalada yenye vichwa vifupi. Inspekta alikuwa na asubuhi hiyo tu ya kujua kama kichwa kile kilikuwa cha kweli.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," alimwambia mkaguzi.

Mkaguzi alitazama kushoto na kulia kutafuta mtoto mwenyewe, hakumwona, akaanza. Hii hapa ni throto, alisema, yaani mlango wa hewa wa injini. Ukikanyaga mafuta mlango unafunguka, ukiondoa mguu springi inaufunga. Mipira miwili midogo huleta maji ya moto kutoka kwenye injini, yanapita chini ya throto na kurudi yalikotoka, ili throto isipatwe na baridi. Sasa mtu amechomoa mipira yote miwili na kuiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba la shaba. Maji yanazunguka vizuri, hayamwagiki, injini haichemki, ila throto hayaifikii tena. Kwenye joto hutajua kama kuna kitu kimebadilika. Lakini panda nalo mlimani kwenye ukungu wa baridi, unyevu ulio kwenye hewa utaganda pale mlangoni, na mlango utanasa hapo hapo ulipo. Unaondoa mguu, springi inavuta, barafu inakataa.

Aliusukuma ule mlango kwa kidole. Ulifunguka na kujifunga kwa adabu, kama mwanafunzi aliyevunja dirisha na sasa anasoma Biblia.

"Mpaka gari la kuvuta linafika, ilikuwa imeyeyuka," alisema.

"Kwa hiyo silaha ni barafu," alisema Koplo, "na barafu imetoroka."

Inspekta alimtaka mkaguzi amwambie kama kuna mtu yeyote hufanya jambo hilo kwa nia njema. Mkaguzi alikiri, kwa shingo upande, kwamba wapo. Vijana wenye magari ya turbo wanaamini kwamba hewa ikiingia ya baridi injini inapata nguvu zaidi, na kwamba maji yale ya moto yanaichemsha hewa mlangoni. Kwa hiyo wanayakatia njia. Inspekta akauliza inapatikana nguvu kiasi gani. Watu wa magari hupima nguvu kwa farasi, lakini mkaguzi alifikiri kidogo, akaona farasi wamezidi.

"Kuku mmoja," alisema. "Na awe mgonjwa."

Inspekta aliinama ndani ya boneti na kukaa humo kwa muda mrefu, akionekana mgongo tu. Kulikuwa na vitu ambavyo havikumpendeza. Mabomba ya breki hayakuguswa, na mtu anayetaka kukuua kwa gari huanzia kwenye breki. Mipira ilikuwa imekatwa sawasawa, bila kuchanika. Mkaguzi alikuwa ameshaikata shaba katikati iwe kielelezo, lakini vibano viwili vya chuma vilivyoishikilia mipira kwenye ncha zake vilikuwa bado vimekazwa vizuri kabisa. Maji yaliyomwagika wakati wa kuichomoa mipira yalikuwa yamefutwa, mpaka kwenye vipembe ambavyo hata mama mkwe asingekagua. Muuaji gani hufuta meza akimaliza kula?

Na juu ya kila kibano kulikuwa na mstari mdogo wa rangi, umeanzia kwenye kichwa cha skrubu na kuvuka hadi kwenye mpira.

"Hiyo ni saini yake," alisema mkaguzi, na sauti yake ilijaa raha. "Yule fundi kila anachokikaza anakitia mstari. Kikilegea, mstari unakatika, anajua. Nilimwambia siku tulipomkamata, mbele ya mke wake: bwana, umejitia saini mwenyewe."

"Rangi gani hii?"

"Nyekundu."

"Siyo nyekundu."

"Basi nyekundu iliyoiva sana."

Kwa mkaguzi duniani kulikuwa na rangi chache tu, na zilizobaki zilikuwa uzushi wa wauza vitambaa. Inspekta alimwonyesha nati za turbo yenyewe, ambazo fundi alizikaza zamani. Zilikuwa na mistari pia. Ilikuwa myeupe, iliyofifia, mizito kama chokaa. Mkaguzi alisema kopo la nyeupe lilikwisha, fundi akanunua lingine. Inspekta hakubishana. Alikwangua mstari wa kibano kwa ukucha wake. Rangi ilibanduka kipande chembamba kinachong'aa, akakishika kwenye mwanga. Kilikuwa zambarau. Tena zambarau ya chembechembe, inayometameta. Kabla hajavaa sare, na mara kadhaa baada ya kuivaa, Inspekta alikuwa amebandua vipande vya namna hiyo kwenye vidole vyake mwenyewe.

Ilikuwa rangi ya kucha.

Alivikata vibano pamoja na vipande vya mpira, bila kuvilegeza, akavitia kwenye bahasha, akamwambia mkaguzi pole. Kituoni neno hilo lilikuwa maarufu. Inspekta alimwambia pole kila mtu aliyekuwa karibu kupata matatizo.

*

Hospitalini Turbo alikuwa amelazwa, mguu umening'inizwa juu kama kombe la ubingwa. Pembeni alikaa mchumba wake, akimmenyea chungwa, na jambo la kwanza Koplo aliloliona lilikuwa kucha. Zilikuwa ndefu, zilizopakwa rangi na kung'arishwa. Koplo alimpiga Inspekta kiwiko kwa nguvu isiyo na siri yoyote.

Inspekta alimwomba mchumba huyo mkono. Alimsifu kucha, akauliza kama ana rangi nyingine nyumbani, akajibiwa kwamba yeye ni mtu wa nyekundu tangu akiwa na akili zake. Ilikuwa nyekundu kweli, hata mkaguzi angekubali. Tena chungwa lilikuwa likimenywa kwa pande za vidole, kwa tahadhari, kama bomu. Inspekta alimpa bisibisi kutoka kwenye mfuko wa vielelezo na kumwomba aishike kama anayekaza kitu. Bisibisi ilianguka sakafuni, ikafuatwa na ukucha mmoja ambao kumbe ulikuwa wa kubandika. Mchumba akafutwa kwenye orodha ya watuhumiwa, na Koplo akautafuta ukucha chini ya kitanda, kwa magoti, kwa niaba ya serikali.

Turbo alijibu maswali macho yakiwa darini. Alisema hajui chochote kuhusu mipira ya maji. Hajawahi kuisikia. Yeye kazi yake ni kuendesha. Boneti ni ya mafundi. Shemeji yake alimchukia siku nyingi na gari alilichukia zaidi, alishawahi kuliita birika lenye magurudumu, mbele za watu. Inspekta alitaka kujua siku ya birika walikuwa wakigombania nini. Turbo akasema shemeji alikataa kumfanyia kazi fulani.

"Kazi gani?"

Turbo alikumbuka kwamba mguu unamuuma sana. Aliomba nesi aitwe.

Wakati nesi anasubiriwa Inspekta alimtengenezea shuka, kwa huruma kubwa, na hapo akapata nafasi ya kuuona mkono wa kulia. Michubuko ya ajali ilikuwa mibichi, imefunikwa bandeji. Lakini ndani ya kifundo cha mkono, chini kidogo ya bandeji, kulikuwa na alama ya kuungua. Ilikuwa imekauka. Ngozi yake ilikuwa ikibambuka pembeni, na katikati imeanza kuota mpya, laini na ya rangi hafifu.

"Na hii?"

"Ya ajali hiyohiyo."

Koplo aliandika: ya ajali. Inspekta alisema pole.

Alipofika mlangoni aligeuka, kama anayekumbuka mwavuli, akauliza kama dada wa mgonjwa amekuja kumwona. Turbo alisema dada ana kazi nyingi, cherehani haiishi nguo. Mchumba ndiye aliyenyanyua kichwa kutoka kwenye chungwa.

"Wifi alikuja siku ya kwanza," alisema. "Alisimama hapo hapo uliposimama, akalia, akaondoka. Hata pole hakusema. Hajarudi tena."

Turbo alimtazama mchumba wake kwa jicho ambalo halikuwa la mapenzi. Inspekta alilichukua jicho hilo pia, akaliweka pamoja na vielelezo vingine.

*

Fundi alikuwa mtu wa mabega mapana na maneno machache. Siku ya kukamatwa, ambayo Inspekta alikuwepo, hakuwa mtu wa maneno machache hata kidogo. Alikana kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Alimwita mkaguzi majina ambayo Koplo aliyaandika yote, kwa matumizi yake binafsi. Kisha mkaguzi akatoa mfuko wa plastiki wenye kile kipande cha bomba la shaba, akakiinua. Fundi alikitazama. Akamtazama mke wake aliyesimama mlangoni. Akafunga mdomo, na tangu hapo hakuufungua ila kwa uji.

Sasa alikuwa mezani, mkabala na Inspekta, na kwa mshangao wa Koplo aliufungua mwenyewe.

"Ni mimi, afande. Andika."

Koplo alikuwa tayari amelowesha kalamu kwa ulimi. Inspekta alimzuia kwa kidole kimoja, akamwomba fundi asimulie kazi ilivyofanyika, mwanzo mpaka mwisho. Fundi alisimulia, na ilikuwa simulizi ambayo ungeweza kuifuata na kulitengeneza gari. Unasubiri injini ipoe. Unaminya mpira usimwage. Unachomoa huu, unachomoa ule. Unakata shaba, unaisugua ncha zisichane mpira. Unaingiza, unakaza, unaongeza maji ya rejeta, unawasha, unatoa hewa.

Inspekta aliuliza ni kwa nini, kama alitaka mtu afe, alisugua ncha zisichane mpira.

"Kazi ni kazi," alisema fundi.

"Ulitia alama?"

"Natia kila ninachokaza."

"Kwenye vibano hivi ulitia rangi gani?"

Ilikuwa mara ya kwanza fundi kuonekana kama mtu aliyeulizwa swali gumu kwa sababu ni jepesi mno. Alitafuta mtego kwenye uso wa Inspekta, na uso huo ulikuwa umekaa kama wa mtu anayesubiri chai.

"Nyeupe," alisema. "Nyeupe. Sina nyingine."

Koplo alimtazama Inspekta, Inspekta akatazama dirishani. Bahasha yenye vibano ilikuwa mfukoni mwake, na hakuitoa. Aliuliza jambo moja tu zaidi: kipande kile cha shaba alikuwa akikiweka wapi. Fundi alisema kwenye boksi. Gereji? Fundi alikawia kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate, kisha akasema ndiyo, gereji.

"Pole," alisema Inspekta, akainuka.

Nje kwenye korido Koplo alitaka kujua kwa nini ungamo zima limeachwa likipoa mezani. Inspekta alimwambia kwamba mtu yule hajawahi kuviona vibano vile maishani mwake. Alichokiona ni shaba, na shaba aliitambua. Mtu hujitwika kosa la mwenzake pale tu anapomjua mwenzake ni nani.

"Basi aliyefanya ni mtu aliyefundishwa naye," alisema Koplo taratibu, "lakini hana kopo lake la rangi."

"Ana chupa," alisema Inspekta.

Saa ya kituoni ilikuwa imeshaanza kuelekea upande wa mkuu wa kituo. Walitembea haraka.

*

Nyumba ya fundi ilikuwa na vyumba viwili na cherehani moja, na cherehani ndiyo iliyokuwa imekalia mahali pazuri, karibu na dirisha. Mke wa fundi alikuwa fundi pia, wa nguo. Aliwakaribisha, aliondoa mafurushi ya vitambaa kwenye viti, aliomba radhi kwa fujo ambayo haikuwepo. Inspekta na Koplo walivua viatu mlangoni. Soksi za Koplo zilikuwa na tundu kubwa lililotoa dole gumba lote nje, na dole hilo lilibaki likihudhuria mahojiano hadi mwisho.

Mwenye nyumba hakuwa amevua. Inspekta aliliona hilo kabla hajakaa. Mwanamke alikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, mchana wa joto, kwenye cherehani ya kukanyaga, na miguuni alikuwa na viatu vya ngozi vya kufunga kamba, vikubwa, ambavyo bila shaka vilinunuliwa kwa ajili ya mume. Alipojaribu kuendelea kushona wakati wa mazungumzo, kiatu kiliteleza kwenye pedali, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Aliutunga tena. Ukakatika tena. Mtu anayeshona hivyo kila siku angekuwa amekufa njaa.

Vidole vya mkono vilikuwa safi. Safi kupita kiasi. Kucha hazikuwa na rangi, ila pembeni ya mbili tatu ngozi ilikuwa na weupe mkavu unaoachwa na dawa ya kufutia, kama mtu amesugua kwa hasira.

Inspekta aliuliza mambo ya kawaida na akapata majibu ya kawaida. Mume hakuwa mtu wa ugomvi. Kaka yake alikuwa mdogo, alilelewa na yeye baada ya mama kufariki, ni kama mwanawe. Gari hilo lilimharibu. Ndiyo, gereji alikuwa akienda. Mwaka uliopita mume aliumia mgongo, hakuweza kuinama, akawa anakaa kwenye kiti na kuelekeza, na yeye ndiye aliyeingiza mikono. Alikuwa mikono, mume alikuwa kichwa. Alisema hivyo na kutabasamu kidogo, kisha akakumbuka anazungumza na nani.

"Dada," alisema Inspekta, "vua viatu."

 Mwanamke aliitazama miguu yake kama watu wawili ambao wamemsaliti.

"Mume wako amekiri," alisema Inspekta. "Saa tisa anapanda gari la mahakamani. Amesema alitia alama kwa rangi nyeupe."

Kilikuwa kitu kidogo, lile neno nyeupe, lakini lilimfanya mwanamke afunike uso.  Kisha akainama na kuanza kufungua kamba, kiatu kimoja, cha pili, bila haraka. Kucha za miguu zilikuwa za zambarau, zinametameta, zote kumi zimepangwa kama watahiniwa.

"Dawa iliniishia mikononi," alisema.

Inspekta alitoa bahasha na kukiweka kibano kimoja sakafuni, kando ya dole gumba la mwanamke. Hata mkaguzi angeona.

Alisimulia bila kulia, akizungumza na cherehani zaidi kuliko na wao. Kaka alimjia akimbembeleza. Alisema ni kazi ndogo tu, shemeji ameikataa kwa uvivu na wivu, na rafiki zake wote wameshafanyiwa. Alipomuuliza kama ina hatari yoyote, kaka aliapa kwa marehemu mama yao kwamba haina, na kwamba gari analiendesha kwenye barabara ya tambarare tu. Mume alikuwa amekwenda kununua vipuri mji mwingine. Boksi la mume lenye kipande cha shaba lilikuwa jikoni, chini ya sinki, si gereji. Alifanya kazi hapo uani. Kaka alimmulikia kwa simu, na kwa kuwa hakuwa na subira ya kungoja injini ipoe, aliegemea turbo ikiwa bado ya moto, akalia kama mbuzi.

"Aliungua wapi?" aliuliza Koplo, ambaye alikuwa ameacha kuandika.

Mwanamke alionyesha ndani ya kifundo cha mkono wake wa kulia.

Koplo alirudi ukurasa mmoja nyuma, akalisoma neno alilokuwa ameliandika hospitalini, akalikata kwa mstari mmoja, kimyakimya.

Ilibaki rangi. Inspekta alitaka kujua kwa nini mtu anayefanya kazi kwa kujificha aiwekee alama. Mwanamke alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama ameulizwa kwa nini hufunga mlango akitoka.

"Kazi isiyo na alama haijaisha," alisema. "Ndivyo alivyonifundisha. Kopo lilikuwa gereji na funguo alikuwa nazo. Nikatia nilichokuwa nacho."

*

Gari la mahakamani lilikuwa limeshawashwa. Mkuu wa kituo alikuwa ameshasimama kwenye ngazi, na fundi alikuwa ameshatolewa, mikono imefungwa pingu, wakati Inspekta alipoingia getini akiwa na mke wa fundi. Mke alikuwa na ndala. Kwenye jua lile kucha zake zilimulika uwanja mzima.

Inspekta alimwomba mkuu wa kituo dakika chache, kwa sauti ya mtu ambaye atazichukua hata asipopewa. Kisha akatoa vibano vyote viwili na kuviweka kwenye kaunta, mbele ya fundi.

Fundi alivitazama vibano. Aliuona mstari. Macho yake yalishuka polepole, kama ndoo kisimani, mpaka kwenye ndala, yakakaa huko.  Mwishowe fundi alinyanyua mikono yake yenye pingu, akashika kibano kimoja kwa vidole viwili, akajaribu kuisukuma skrubu yake. Haikusogea. Akajaribu cha pili.

"Hakuna hata kimoja kilicholegea," alisema.

"Ulinifundisha wewe, baba watoto."

"Ncha ulizisugua?"

"Nilizisugua."

Fundi alitikisa kichwa, ule mtikiso wa mtu anayekubali kazi. Halafu uso wake ukakunjamana, akageukia ukuta, na Koplo akaona ni wakati mwafaka wa kuchunguza dari.

Inspekta aliwaacha kidogo. Alipomrudia fundi alisema ana swali moja, la mwisho, na kwamba safari hii asimfiche mtu. Siku ile Turbo alipomwomba afanye kazi hii naye akaikataa, siku ya birika, alimpa sababu gani?

Fundi alimtazama mke wake kwanza. Mke alikuwa akimtazama yeye. Naye hakuwahi kuisikia sababu hiyo.

"Nilimwambia asipande nalo mlimani," alisema fundi. "Nilimwambia kule throto itaganda na gari halitapunguza. Rafiki zake walikuwepo wote, waulize. Alicheka. Akasema kila Jumamosi wanapanda mlimani, basi si yeye mwenyewe angekuwa ameganda tangu zamani?"

Mke wa fundi alikaa kwenye benchi la wageni, taratibu, kama aliyepimiwa mahali pa kukaa. Midomo yake ilitamka neno moja bila sauti. Inspekta alilisoma: tambarare.

Mkuu wa kituo aliuliza kama anapata mtu wa kumpandisha kwenye gari leo au hapati. Inspekta alisema gari liende tu. Aliagiza fundi afunguliwe pingu, na mke aandikishe maelezo yake yote mezani kwa sajini, kisha arudi kwake na asisafiri hadi atakapoitwa. Alikusanya vibano, akavirudisha kwenye bahasha, akamkabidhi Koplo mfuko wa vielelezo.

"Tunaenda wapi, afande?"

"Hospitali. Tukaangalie kidonda."

"Cha mguu?"

"Cha mkono," alisema Inspekta. "Na ukifika, mwambie pole."